Mwaka wa Sayari Iliyovimba

Jumanne iliyopita Jep aliingia kwa geti langu na begi moja mgongoni, akasimama kwenye kokoto, akavua kofia, akasema, "Mzee, nimechelewa." Mimi si mtu wa kukosa jibu. Uliza yeyote aliyewahi kujaribu kuniuzia unga wenye wadudu. Lakini siku hiyo nilikosa. Nyambura, mke wangu, alikuwa ameshazikwa, maturubai yameshafunguliwa, viti vimerudishwa kanisani, na wale waliokuwa wakija na sukari na maombi walikuwa wamerudi kwa kazi zao. Jep hakuwepo. Simu ilimkuta juu ya mlima huko Chile, kwenye darubini, na kutoka kule hadi Eldoret mtu hawezi kufika kwa mazishi ya haraka kama yetu. Nikamchukulia begi, nikamwonyesha kiti chake cha zamani kwenye meza ya chakula, nikaenda jikoni kupika chai. Sijui kupika chai. Nyambura alikuwa akisema naifanya kama mtu anayetia rangi viatu. Nikasimama mbele ya sufuria nikingoja maziwa yapande, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyafikiria pale, nikitafuta jibu la yule mtoto.

Watu wakiandika maisha yao huandika ujana. Wangu ni mfupi: niliacha shule darasa la nne, nikafika Eldoret nimekalia magunia juu ya lori, nikauza mkate wa watu mpaka nikaweza kuoka wangu. Basi. Hayo mengine ni jasho, na jasho halina hadithi. Mwaka ulionifunza mimi ulinikuta na mvi, na nyumba Elgon View, na kitambi, nikidhani nimemaliza kufunzwa.

Nyambura ndiye aliyemleta Jep. Wote wawili walikuwa wanakwaya, Nyambura sauti ya pili, msichana sauti ya kwanza, na Jumapili moja baada ya ibada nikamkuta amekaa kiti cha nyuma cha gari langu, mwembamba, amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa. "Huyu ni Jepkorir," Nyambura akasema, akifunga mkanda. "Anasoma chuo, shahada ya pili. Pale anakaa stima inapotea kila saa. Atakaa chumba cha nyuma." Nikauliza anasomea nini. "Nyota." Nyota za nini? "Za kujua," Nyambura akasema, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili, kwa hivyo akawasha redio. Mimi nikaendesha. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyenunua kila kitu na yeye ndiye aliyeamua kila kitu, na hatukuwahi kugombana juu ya huo mpango.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, kabati na baridi kama ya Julai, ile inayoshuka kutoka upande wa Timboroa na kupita chini ya mlango bila kubisha. Kabla wiki haijaisha Jep alikuwa amehamia meza ya chakula, ambako intaneti ilishika vizuri. Hiyo meza niliinunua nilipofungua bekari ya pili. Ni ndefu, ni ya mbao nzito, niliinunua ili watu waione, na tangu watoto wetu waondoke hakuna aliyekuwa amekula juu yake. Nyambura na mimi tulikuwa tunakula jikoni, sahani kwenye magoti, karibu na moto. Sasa kwa kuwa kuna mtu mezani, na si adabu kula umempa mtu mgongo, Nyambura akatoa kile kitambaa cha maua, tukaanza kula mezani kama wageni katika nyumba yetu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwona mke wangu usoni wakati wa kula. Jikoni tulikuwa tunakaa bega kwa bega tukiangalia jiko.

Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe ya Nyambura, nakumbuka, na parachichi pembeni. Nikamuuliza Jep kama anaangalia nyota kwa hiyo kompyuta.

"Hapana, Mzee. Darubini iko huko juu, mbali kuliko mwezi. Yenyewe inaangalia, inatuma namba, na watu wa dunia nzima wanaruhusiwa kuzisoma. Mimi nasoma namba."

"Kwa hivyo hiyo sayari yako hujawahi kuiona."

"Hakuna mtu amewahi kuiona."

"Sasa unajuaje iko?"

"Mungu pia hujamwona," Nyambura akasema, "na kila Jumapili unampelekea sadaka."

Jep akacheka mpaka akakohoa maharagwe. Halafu akatueleza. Sayari yake si ya jua letu, ni ya nyota nyingine, mbali mpaka maneno yanaisha. Ni jitu la gesi tupu, halina mahali pa kukanyaga, na linaizunguka nyota yake kwa karibu sana, hata mwaka wake unaisha kabla ya wiki yetu. Moto wake, sufuria ya Nyambura ingeyeyuka kabla ya githeri kuchemka. "Lakini moto si ajabu," akasema. "Ikikaa karibu na nyota lazima iungue. Ajabu ni kwamba imevimba. Kwa uzito wake ingefaa kuwa ndogo kuliko vile iko."

Nikaweka kijiko chini. Kuvimba ni kazi yangu. "Hamira," nikasema.

"Eeh?"

"Kitu kikivimba, ndani kuna hamira. Nje unaona ganda tu. Kazi iko ndani."

Aliniangalia vizuri kidogo, akasema, "Hiyo ndiyo natafuta, Mzee. Hamira yake." Nilijiona nimeongeza elimu chuoni. Baadaye alinirekebisha kwa upole: mkate ukishavimba na kuiva unabaki vile ulivyo, lakini gesi ikipoa inasinyaa, kwa hivyo lile jitu lingekuwa limeshasinyaa zamani kama hakuna kitu cha kulitia moto ndani mpaka leo. Nikamwambia basi tanuri yake bado haijazimwa. Akasema hapo nimekaribia. Sikuwahi kupata alama kubwa kuliko hiyo.

Kuna jambo alilosema siku hiyo ambalo Nyambura alilielewa kabla yangu. Niliuliza utapimaje moto wa kitu usichokiona. Jep akasema mwanga wa nyota na wa sayari unakuja pamoja, huwezi kuutenganisha. Lakini kila mzunguko sayari inapita nyuma ya nyota, inapatwa, inajificha. Hapo mwanga wote unapungua, kidogo sana. Inapotokea tena, mwanga unarudi. "Sasa kile kilichopungua," akasema, "ndicho chake."

"Kama kwaya," Nyambura akasema.

"Kama kwaya vipi?" nikauliza.

"Tukiimba wote huwezi kunisikia mimi. Sauti yangu imeingia kwa za wengine."

"Lakini siku ukinyamaza, Mama," Jep akasema, "kile kinapungua ndicho wewe."

"Wee! Hakuna mtu angejua nimenyamaza," Nyambura akasema, akamwongezea githeri.

Haikupita muda Nyambura akashikwa na mafua, na Jumapili hiyo akakaa na mimi kwenye benchi badala ya kukaa na kwaya. Mimi kwa kawaida wakati wa kwaya nafikiria bei ya unga. Siku hiyo nilisikiliza. Wimbo ulikuwa ni ule ule, waimbaji ni wale wale, na katikati yake palikuwa na mahali pamebonyea, kama mkate uliotolewa mapema. Kwenye gari nikamwambia, "Leo kwaya ilikuwa mbovu." Akauliza kwa nini. "Hukuwepo." Aligeuza uso dirishani, akaangalia nje mpaka tukafika kwa geti letu. Asubuhi yake kulikuwa na chapati, na haikuwa Krismasi.

Mwaka ule wote ulikwenda hivyo. Jep alikuwa anakusanya kupatwa kwa lile jitu, moja baada ya jingine, kama mtu anayeokota mayai. Kutokana na jinsi kila rangi ya mwanga ilivyopungua alisoma hewa yake ina nini. Siku moja alituita mezani kwa sauti akasema amepata mvuke wa maji. "Maji? Kwa moto huo?" nikauliza. "Mvuke, Mzee, si maji ya kuoga." Hayo yalikuwa mambo ya juu, ya hewa. Ya ndani aliyatafuta kwa njia nyingine, nami nikimsikiliza nikipaka mkate siagi. Kama jitu linazunguka kwa duara kamili, linajificha katikati kabisa ya safari yake. Kama njia yake imevutika kama yai, litajificha mapema kidogo au litachelewa. Na kama njia imevutika, mara liko karibu na nyota, mara mbali, nyota inalibana na kuliachilia, inalibana na kuliachilia.

"Inalikanda," nikasema.

"Inalikanda. Na kitu kikikandwa kinapata moto ndani."

Kwa hivyo lilikuwa jambo rahisi la kusubiri. Jitu likichelewa kujificha, hamira imepatikana.

Na ilibidi ipatikane, kwa sababu ya baba yake. Mzee Kiplagat ni mkulima wa mahindi kule Turbo, mtu mrefu, hana maneno mengi. Watu wa kabila lao na watu wa kabila letu, tangu zile chaguzi za moto, tumekaa miaka mingi tukisalimiana kwa uangalifu. Sitaandika kwa nini, kila mtu wa Eldoret anajua. Alikuja kuona binti yake analala wapi, akakaa ukingoni mwa kiti changu kizuri kana kwamba kimepakwa rangi sasa hivi, akanywa chai ya Nyambura, akaomba nyingine. Hapo akalegea. "Mzee Mbugua," akasema, "huyu mtoto nimempa mwaka huu. Pale karibu na kwangu kuna shule ya wasichana, wanataka mwalimu wa fizikia. Akipata kitu, aende mbele hata Ulaya. Asipopata, Januari anarudi nyumbani afundishe."

"Apate kitu gani?" nikauliza.

"Kitu. Mimi nikipanda ekari, mwisho naonyesha gunia."

Jep alikuwa anaangalia kikombe chake. Kulikuwa na watafiti huko Ulaya waliokuwa tayari kumsikiliza mwezi wa Desemba, na wakipendezwa wamchukue asomee udaktari wa hizo nyota. Kufundisha si kazi mbaya, alimwambia Nyambura baadaye jikoni. Niliwasikia kupitia kile kidirisha cha kupitishia sahani, kwa sababu nyumba yangu niliijenga kubwa lakini sauti za jikoni zinafika kila mahali. "Si kwamba naidharau, Mama. Ni kwamba nikirudi, hiyo sayari sitaijua tena. Nitakuwa nawaambia watoto kuna sayari."

Mvua za mwisho zilikuwa zinakatika aliporuka kutoka kwenye kiti. "Mzee! Mama! Imechelewa!"

"Nani amechelewa?"

"Sayari!"

Alikuwa ameweka kupatwa kote pamoja, na kila mara jitu lilijificha likiwa limechelewa, kwa muda usiofika hata dakika. Nyambura akatoka jikoni anacheza na taulo ya vyombo. Nikasema mbona wafanyakazi wangu wanachelewa saa nzima na hakuna anayecheza. "Mzee, hii si mfanyakazi," Jep akasema, machozi machoni. "Hii haijui kuchelewa." Akaniomba ninyamaze kwanza, mpaka mhadhiri wake aangalie. Nilinyamaza mpaka kinyozi. Kwa kinyozi nikasema, halafu nikasema bekari, halafu nikasema kwa wazee wa kanisa kwamba katika nyumba yangu, juu ya meza yangu, msichana amepata hamira ya sayari. Nikatangaza chakula cha Jumamosi. Nikanunua kondoo. Mzee Kiplagat akapiga simu kutoka Turbo, sauti yake imebadilika, akasema atakuja na mursik. Mtu asiye wa huku aelewe: mursik ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, na hapa Eldoret mkimbiaji akirudi na medali anapewa anywe mbele ya watu. Hayaletwi kwa sababu mtu amejaribu.

Ile Alhamisi Jep alikuwa mezani anaongea na mhadhiri wake kwa kompyuta. Mhadhiri alikuwa amesafiri ng'ambo, na sauti zilikuwa zinagongana. Mimi nilikuwa sebuleni na gazeti. "Endelea, Daktari." "Hapana, endelea wewe." "Sawa, mimi—" "Nilikuwa nasema—" Wote wakacheka. Yule mhadhiri akasema, "Pole, Jepkorir, maneno yako yananifikia yakiwa yamechelewa." Nilitegemea acheke tena. Hakucheka. "Jepkorir? Bado uko?" Akasema yuko, akaomba ampigie baadaye. Nikachungulia juu ya gazeti. Alikuwa amevuta bakuli la sukari katikati ya meza, ameshika chupa ya chumvi, anaipitisha mbele ya bakuli, halafu nyuma, halafu mbele. Alifanya hivyo muda mrefu. Nilidhani anasali.

Kesho yake mchana walikuwa jikoni wakimenya viazi vya kuponda mukimo wa wageni. Nilikuwa kwenye korido natafuta miwani.

"Mama, haikuchelewa."

"Nini?"

"Sayari. Ni mimi nilisahau." Kisu kikasimama, kikaendelea. "Ikipita mbele ya nyota iko upande wetu. Ikijificha iko upande ule mwingine, nyuma. Kwa hivyo habari ya kujificha inatoka mbali zaidi. Mwanga unaanza safari saa yake kabisa, lakini njia ni ndefu."

"Na hukuhesabu njia."

"Ya upande wetu nilihesabu yote. Vile dunia inasogea, vile darubini inasogea, kila kitu. Ya upande wake ndiyo nilisahau. Na ukiitoa hiyo njia hakuna kitu kinabaki. Imefika saa yake. Njia yake ni duara. Hakuna kukandwa."

"Hakuna hamira."

"Hakuna hamira. Na Baba anakuja kesho na kibuyu."

Nilisikia Nyambura akivuta kiti na kuweka sahani. "Kula kwanza," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Mtoto akianguka mtihani, mtu wa kodi akija, jirani akifiwa: kula kwanza. Nilimcheka kwa hilo neno maisha yangu yote ya ndoa.

Mimi nikaingia. Nikamwambia Jep sherehe iko pale pale. Kutoka hapa mpaka Turbo hakuna mtu anayejua habari za dakika ya sayari, kondoo ameshalipiwa, yeye anywe maziwa ya baba yake, hayo mengine atasahihisha polepole na mwalimu wake.

"Mimi najua, Mzee," akasema.

"Wewe ni mtu mmoja."

"Ndiyo. Na ndiye nitasafiri naye."

Nyambura akaniwekea kisu mkononi. "Wewe nawe menya viazi," akasema, "mdomo upumzike."

Jumamosi jua lilitoka vizuri, kwa bahati yetu mbaya. Watu walijaa kwenye nyasi: wazee wa kanisa, kwaya, watu wa bekari na aproni zao nyeupe, na pickup moja kutoka Turbo yenye shangazi wanne waliovaa kama wanaenda kupokea rais. Pasta aliomba kwa kirefu, akabariki hamira ya mbinguni, nami nikainamisha kichwa kuliko wote. Halafu Mzee Kiplagat akasimama na kibuyu kilichopambwa shanga, akakifungua, ile harufu ya moshi na maziwa ikafika mpaka kwangu. Akamwita binti yake. Jep akaja, akasimama mbele yake, akaweka mikono nyuma.

"Baba, usinipe. Sijashinda."

Shangazi mmoja alikuwa ameanza kuimba. Akaacha katikati.

Jep akawaambia. Hakupunguza. Akasema alidhani sayari imechelewa, kumbe ni habari iliyochelewa njiani, kwamba ile hamira Mzee Mbugua aliwaambia haipo, na kwamba amekosea yeye, si darubini. Nilimwangalia Nyambura. Alikuwa anamwangalia Jep vile anavyoangalia mkate ukitoka.

"Nani alikuonyesha umekosea?" Mzee Kiplagat akauliza.

"Hakuna. Niliona mwenyewe."

"Mwalimu wako anajua?"

"Nimemwandikia jana."

"Hao watu wa Ulaya?"

"Nitawaambia hivyo hivyo."

Yule mzee alichungulia ndani ya kibuyu chake, akakitikisa kidogo. Mwishowe akageukia watu, si binti yake. "Nyinyi mnajua mbio," akasema. "Mtu akikata kona porini, hakuna refa, hakuna kamera, yuko mbele ya wote. Halafu anasimama, anarudi, anazunguka ile kona. Huyo mnamwita nini?"

"Mjinga!" kijana mmoja wa bekari yangu akasema, na watu wakacheka, hata pasta.

"Mjinga," Mzee Kiplagat akakubali. "Lakini huyo mjinga ndiye ukienda safari unamwachia ufunguo wa ghala." Akamgeukia Jep, akamsogezea kibuyu. "Kunywa."

"Baba, nimesema sijapata kitu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Sasa nirudi na maziwa Turbo yamwagike kwa gari? Kunywa, Jepkorir. Hiyo shule itapata mwalimu mwingine."

Akanywa. Alikunywa vibaya, analia na kumeza pamoja, na masharubu meupe yakamkaa mdomoni, na shangazi wakaimba ule wimbo tangu mwanzo, kwa nguvu zaidi. Mimi nilikwenda kuangalia nyama. Moshi ulikuwa mwingi siku hiyo.

Wale watu wa Ulaya walimsikiliza kwenye meza yangu, kitambaa cha maua kimetolewa kwa heshima. Aliwaeleza moto wa juu wa lile jitu, hewa yake, mvuke wake, na hayo yote yalisimama. Halafu akawaeleza kosa lake kabla hawajaliuliza. Walimchukua. Nilimuuliza siku ya kufunga begi, sasa kwa nini hilo jitu limevimba? "Hatujui, Mzee. Moto wa nje tumeupima. Wa ndani, tunajua tu hautoki pale nilidhani." Nikasema basi mwaka mzima umepotea. Akasema hapana, sasa kuna mlango mmoja wa kutobisha tena. Nilimwelewa. Nimekaa na mwanamke mmoja maisha yangu yote, moto wake wa nje naujua, ulinilisha. Wa ndani ulikuwa unatoka wapi, sijui. Mimi pia najua tu milango ambayo haukutokea. Haukutoka kwa nyumba hii. Haukutoka kwa bekari.

Jumapili baada ya mazishi nilikwenda kanisani. Watoto wangu walisema nipumzike, nikaenda. Kwaya ikasimama, ikaimba, na watu wakaniambia baadaye imeimba vizuri sana, imewafariji. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisikiliza kile kilichopungua. Kilikuwa pale, wazi, umbo lake lote. Ningeweza kukuonyesha kinapoanzia na kinapoishia. Na watu wakiniona nimefumba macho walidhani nasali.

Maziwa yakapanda yakamwagika yote. Nikazima jiko, nikapangusa kwa ile taulo ya vyombo, nikamimina vikombe viwili vya chai nyeusi kama kawaida yangu, nikakata mkate. Jep alikuwa amekaa kiti chake, ameshika chupa ya chumvi, haipeleki popote. Nilipomwekea kikombe akaanza tena: "Mzee, kweli nilitaka kufika. Nimechelewa, hata udongo umekauka, sijui hata niseme—"

"Jep," nikasema. "Umesahau tena."

"Nimesahau nini?"

"Kuhesabu njia ya upande ule. Ulianza safari lini?"

"Siku ile ile waliponipigia. Niliteremka mlima siku ile ile, lakini barabara, na ndege, na zile karatasi za—"

"Siku ile ile. Basi hujachelewa. Ulikuwa mbali."

Aliweka chumvi chini. Alilia kama alivyokunywa ile mursik, bila mpango, na mimi sikujua mikono yangu iwe wapi, kwa hivyo nikaitumia kusukuma sahani ya mkate mpaka ikagusa kiwiko chake.

"Kula kwanza," nikasema.

Akainua uso akaniangalia, kwa sababu wote wawili tulisikia hilo neno ni la nani.